Mpelelezi Hazaliwi na Koti Lake

Tangu tamthilia yetu ya upelelezi ichezwe hapa shuleni muhula wa pili, Chama cha Kiswahili kimegawanyika. Kuna wanaodai kwamba yule mpelelezi wetu tumtupe, ati ni Sherlock Holmes aliyevishwa sweta ya shule. Wengine tunasema abaki, aandikiwe sehemu ya pili. Kwa kuwa kura itapigwa muhula ujao, naomba nafasi niwaite mashahidi wangu.

Wa kwanza ni Luteni Columbo wa Marekani, aliyeigizwa na Peter Falk. Mwalimu mlezi alituonyesha filamu ya majaribio ya mchezo huo, yaani ile ya kwanza kabisa, inayotengenezwa ili wenye stesheni waone kama mchezo utawafaa. Ilionyeshwa Marekani mwaka 1968. Daktari wa magonjwa ya akili anamuua mkewe, kisha mpenzi wake, msichana mwigizaji, anavaa nguo za marehemu na kuingia naye ndegeni ili abiria wadhani mke yu hai. Sisi watazamaji tunayaona hayo yote mapema. Columbo mwenyewe hata hajatokea! Anakuja baadaye sana, na akija, ni kama mtu mwingine. Nywele zimechanwa zikalala, suti imenyooka, macho makali. Kuna mahali anamkaripia yule msichana hadi machozi yanamtoka. Darasa zima lilinyamaza, maana sisi tulikuwa tumezoea Columbo wa vipindi vya baadaye, yule mpole anayeomba radhi kila akiuliza swali.

Filamu ya pili ya majaribio ilifuata mwaka 1971, na mwaka huo huo vipindi vya kawaida vikaanza. Hapo ndipo Columbo tunayemjua anapokamilika: koti lililokunjamana, gari kuukuu la Peugeot 403, na kuanzia mwaka 1972 mbwa mvivu mwenye masikio marefu. Ukali nao umepungua. Sasa anawanasa wauaji kwa kujifanya mjinga, na matajiri wenye majumba makubwa wanamdharau mpaka wamechelewa. Kwa maoni yangu huyu wa pili ana nguvu zaidi. Mtu akikukaripia unajikinga, lakini akikuuliza viatu vyako umenunua wapi, utajikinga na nini?

Lakini tazama kisichobadilika. Tangu filamu ile ya kwanza, muuaji tunamjua sisi kabla mpelelezi hajamjua, na utamu ni kuona atakavyonaswa. Tena tangu siku ile Columbo anamtaja mkewe, na anafika mlangoni, anageuka, anakumbuka swali moja dogo. Mifupa ilikuwepo, nyama ndiyo ilikuja polepole. Hata hiyo ya 1968 haikuwa mara yake ya kwanza: Columbo alikuwa ametokea katika mchezo wa televisheni mwaka 1960, akiigizwa na mtu mwingine, na mwaka 1962 katika tamthilia ya jukwaani. Waandishi wake, Levinson na Link, wangemtupa baada ya jaribio la kwanza, nani angemjua leo?

Mwaka ule ule wa 1960, huku kwetu Afrika Mashariki, kilichapishwa kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale. Mwandishi ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Hadithi yake ilikuwa imeshinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya, na mimi hupenda kufikiri kwamba kazi hiyo ilimfunza kuchungulia pembe ambazo wengine hawazitazami.

Bwana Msa wake alianza na vitu vya kuazima. Kiko, kama Holmes. Mwenzi wa kuandamana naye, Najum, kama Watson wa Holmes. Wenzangu wanaomcheka mpelelezi wetu kwa kofia yake wangemcheka na Bwana Msa. Lakini hapo mwanzo tayari kuna jambo ambalo si la London: maiti iko mzimuni, watu wako tayari kuamini mambo ya mizimu, na Bwana Msa anakataa jibu hilo. Anamtafuta binadamu. Katika vitabu vilivyofuata, kuanzia Kisima cha Giningi (1968), visa vinazidi kusukana na Holmes anazidi kuachwa nyuma. Na mwaka 1984 kikatoka Kosa la Bwana Msa. Litazame jina lenyewe! Ni mwandishi gani anayethubutu kuliweka kosa la shujaa wake kwenye jalada kabla wasomaji hawajamzoea shujaa huyo?

Hata Holmes mwenyewe, katika kitabu cha kwanza cha 1887, Watson aliandika kwamba hajui fasihi hata kidogo. Mwaka 1890, kitabu cha pili, anamnukuu Goethe. Kumbe!

Sasa turudi Nakuru. Tamthilia yetu inahusu mchungaji aliyepotea Menengai, lile shimo la volkano la kilomita 12 kwa 8 hapo juu ya mji. Kila mtu hapa amesikia kwamba kuna majini wanaowapoteza watu humo. Mpelelezi wetu alikataa jibu hilo akauliza ni nani aliyemwona mchungaji mara ya mwisho, na mifugo sasa iko kwa nani. Huo ndio mfupa wake, nao ni mzima. Kofia ya Holmes ivuliwe. Kiko kiondoke pia, maana hakuna aliyemwona akikivuta. Na ule ukali wa kumkaripia mama mboga katika onyesho la tatu ufutwe kabisa: mwacheni anunue sukuma wiki ya shilingi ishirini, aulize bei ya viazi vya Molo, alalamike kuhusu vumbi. Mama atamweleza yote.

Rasimu ya onyesho hilo nimeshaiandika, imo kwenye faili la chama maktabani. Wanaotaka atupwe waisome kwanza, kisha tupige kura.