Kupanda Hadi Maziwa ya Mlimani: Kanieneo, Joto na Mwili

Mtahiniwa, tuseme wewe na wenzako wa Mwanza mnajiandaa kupanda Milima ya Rwenzori, Uganda, hadi Ziwa Bujuku na Maziwa ya Kitandara, yaliyo karibu meta 4,000 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134. Zingatia mambo matatu.

1. Kanieneo ya hewa
Hupungua kadiri unavyopanda. Kwenye meta 4,000 ni takriban asilimia 60 ya ile ya usawa wa bahari. Angalia sana: oksijeni hubaki asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni kiasi unachokipata kwa kila pumzi. Ukiandika kwamba asilimia ya oksijeni hupungua, utakosa alama.

2. Joto
Hushuka takriban 0.65°C kwa kila meta 100.
Mfano: Mwanza ni 24°C. Tafuta joto kwenye meta 4,000.
Tofauti ya kimo: 4,000 − 1,134 = meta 2,866
Upungufu: 2,866 ÷ 100 × 0.65 = 18.6°C
Jibu: 24 − 18.6 = 5.4°C
Usiku baridi huzidi, na Rwenzori ina mvua nyingi. Beba sweta nzito, koti la mvua, glavu na gambuti.

3. Mwili
Kwanza unapumua haraka na moyo unakwenda mbio. Chembe nyekundu za damu huongezeka taratibu, kwa siku nyingi hadi wiki. Kwa hiyo, ukivuka meta 3,000, kila usiku usilale zaidi ya meta 500 juu ya ulipolala jana.

Dalili za hatari
Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu au kizunguzungu, usiendelee kupanda. Ukiyumba, ukichanganyikiwa au ukihema ukiwa umekaa, shuka mara moja ukisaidiwa na wenzako. Ugonjwa huu unaweza kuua.

Swali
Mwenzako, mvuvi hodari wa Ukerewe, anasema nguvu zake zinamtosha kupanda haraka. Toa hoja mbili kumpinga. (Alama 4)

Mwongozo wa jibu
(a) Kanieneo ikishuka, kila pumzi huleta oksijeni kidogo, hata kwa mwenye nguvu.
(b) Mwili huzoea kimo kwa muda; mazoezi ya ufukweni hayachukui nafasi ya muda huo.
Kutaja hoja, alama 1. Kuifafanua, alama 1.