Magari ya Yusufu na Simu ya Mama

SOMO LA JUMA
Maandiko: Mwanzo 37:31–33, Mwanzo 45:21–28, 2 Yohana 12



Hapa kwetu Kenyenya maboma mengi yamebaki na wazee. Watoto wako Nairobi, wako Mombasa, na wengine wako Marekani, hasa kule Minnesota ambako Wakisii ni wengi sana. Disemba mtoto anakuja na simu ya kupangusa, anamwekea mama WhatsApp, wanapiga picha, anarudi. Ikifika Februari simu iko kwa kabati, haina chaji wala bando. Mama amerudi kuuliza majirani, "Watoto wangu wako aje?"

Simu si mbaya. Lakini kuna kitu kinakosekana, na Neno linatuonyesha.

Mzee asiyesadiki habari

Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17. Ukihesabu vizuri utaona ilipita kama miaka 22 kabla baba yake kusikia kwamba yuko hai. Wanawe walipomletea habari hiyo kutoka Misri, moyo wa Yakobo ulizimia, hakuwasadiki. Kwa nini? Biblia haielezi, lakini mimi nikisoma sura ya 37 napata jibu. Waliomletea habari njema ndio wale wale waliomletea kanzu iliyochovywa katika damu ya mbuzi. Walishamdanganya.

Sasa angalia kilichomfufua roho. Alisikia maneno yote ya Yusufu, si nusu, kisha akayaona magari. Yusufu hakutuma salamu tu. Alituma chombo cha kumbeba mzee, chakula cha njiani, na watu wa kwenda naye.

Wapendwa, simu ni gari. Gari bila mtu wa kuliendesha linakaa tu. Na likiendeshwa na mtu asiye mwaminifu, mzee hatasadiki. Kila mzazi mzee anahitaji mbebaji mwaminifu wa maneno yake. Pengine ni wewe unayesoma hapa.

Mbebaji mwaminifu anafanya nini?

Kwanza, anamwachia mzazi sauti yake. Wazee wetu wengi hawakusoma sana, lakini kuongea wanajua kutushinda. Mwonyeshe alama ya maikrofoni kwa WhatsApp: anabonyeza, anaongea, anaachilia. Rudia naye mara tatu, mara nne, bila kukasirika. Weka picha ya kila mtoto kwenye namba yake ili amtambue kwa uso. Na aongee Ekegusii! Mjukuu wa Minnesota akisikia baba yake akimwita nyanya "baba", atacheka na kuuliza. Hapo ndipo ataelezwa kwamba kwetu mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Huyo mtoto amejifunza kwao ni wapi.

Pili, anasema yote. Mimi naishi na mama yangu. Jioni tukishakula namsomea ya grupu la familia, hata yale ya kubishana. Yaliyoandikwa kwa Kiingereza au Sheng namfasiria. Kisha namuuliza, "Baba, niwajibu nini?" Namshikia simu, anajibu mwenyewe. Siku moja aliuliza kuhusu ndugu yetu mmoja aliyenyamaza miezi mingi: "Na huyo, amesema nini?" Nilimwambia ukweli, hajasema kitu. Akachukua simu akamtumia sauti fupi, hakulaumu, alimuuliza tu kama amekula. Siku ya tatu kijana akapiga.

Kuna familia ambazo mama yuko ndani ya grupu lakini hayuko ndani ya mazungumzo. Shamba linagawanywa, harambee inapangwa, yeye anaonyeshwa picha za keki tu. Hiyo si heshima ya Kutoka 20:12.

Tatu, hatumii jina la mzazi kuomba pesa. Hii nitaisema wazi. Kuandika "mama anaumwa, tumeni" na mama yuko shambani anapalilia mahindi, hiyo ni kanzu yenye damu ya mbuzi. Siku mama atakapougua kweli, nani atasadiki?

Nne, anamlinda. Walaghai wanapenda wazee: "Nimekutumia pesa kimakosa, rudisha." "Mtoto wako ameshikwa na polisi, tuma sasa hivi." PIN ya M-Pesa haipewi mtu, wala zile namba sita za WhatsApp. Safaricom wenyewe hupigia wateja kwa 0722 000 000, na ujumbe wa ulaghai unatumwa bure kwa 333. Mkubaliane kama familia: hakuna pesa inatoka kabla ya kumpigia mhusika mwenyewe kwa namba yake tunayoijua.

Na ninyi mlio mbali?

Yusufu ndiye aliyegharamia safari. Basi mnapotuma pesa ya sukari, tumeni na ya bando. Video inakula bando kuliko sauti, mama asilazimike kuchagua kati ya chumvi na kuwaona wajukuu.

Pangeni saa moja isiyobadilika. Minnesota iko nyuma yetu kwa saa 9 wakati wa baridi yao na saa 8 wakati wa joto. Jumapili saa kumi na moja jioni hapa, kule ni asubuhi, kabla hawajaenda ibadani. Mzee anayejua siku na saa ataoga, atavaa, atakaa akingoja kwa furaha.

Pia mshukuruni yule aliyebaki nyumbani. Msimwite tu wakati mnataka hesabu.

Mwisho, Mtume Yohana alipomwandikia yule mama mteule, alisema ana mengi ya kuandika lakini hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino. Alitaka aje waongee ana kwa ana, furaha itimie. Barua ilikuwa nzuri, lakini haikuchukua nafasi ya kuja. Hata Yakobo, mzee wa miaka 130, hakubaki akiyatazama magari. Alipanda, akaenda, akamkumbatia mwanawe. Kwa hiyo pigeni simu, halafu mje.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Katika familia yako, nani anabeba maneno ya mzazi? Je, anaaminiwa na wote?
2. Ni uamuzi gani umefanywa hivi karibuni bila mzazi kusikilizwa?
3. Kuna mzee gani hapa kijijini hana mtoto wa kumshikia simu? Nani kati yetu atamtembelea wiki hii?

Tuombe: Bwana, tufanye wabebaji waaminifu. Wazee wetu wasikie maneno yote, na roho zao zifufuke. Kwa jina la Yesu, Amina.