Dakika Mbili za Mwanzo: Kupanga Filamu Fupi ya Uraibu Kigoma

Wanafunzi wengi wanaoandika filamu fupi kuhusu uraibu huanza na chupa, moshi au sindano. Mtazamaji akishaona hivyo anajua mhusika ni nani na ataishia wapi. Anza na kitu ambacho mhusika anakipenda na anaweza kukipoteza. Kwa mwandishi aliyeko Kigoma, kitu hicho hakiko mbali.

Chukua kijana mvuvi wa Kibirizi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hupumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Siku hizo kipato cha kibarua hukatika, lakini kiu ya gongo haikatiki. Msuko wako umelala hapo.

Alfajiri, mitumbwi inaingia mwaloni na kijana anapokea fungu lake. Anakunja noti moja, anaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo: ni ya madaftari ya mdogo wake. Kamera itulie kwenye vidole na kifungo. Usiweke muziki, injini na sauti za akina mama wanaopatana bei ya dagaa zinatosha. Shoti inayofuata ni jioni, shati lile lile, kifungo kiko wazi. Hatujamwona akinywa, ila tumeshajua. Kisha siku zimepita, mwezi unachomoza nyuma ya vilima vya mji, mitumbwi imevutwa mchangani. Kijana amekaa karibu na betri ya taa za tajiri wake, mikono inamtetemeka. Anatazama huku na huku, anaanza kufungua nyaya. Jina la filamu litokee hapo.

Mwanzo huu una nguvu kwa sababu mhusika amefanya uamuzi mwenyewe, nasi tumeona kilichomsukuma. Pia umeweka muda: giza likirudi, tajiri ataitaka betri yake. Filamu iliyobaki itajiendesha kwa hofu hiyo.

Mikono kutetemeka si pambo. Mtu aliyezoea pombe kali akiikosa, kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huweza kuanza saa chache tu baadaye, na wengine hupata degedege. Kwa hiyo usiandike kamwe ile tamati ya familia kumfungia mraibu chumbani mpaka apone. Kuna mtazamaji atakwenda kuijaribu nyumbani, na inaweza kuua. Usionyeshe pia namna ya kutumia dawa yoyote, na katika maelezo yako mwite mhusika mraibu. "Teja" libaki mdomoni mwa wale wanaomdharau.

Hadithi ikiwa ya leo, usimpe kiroba mkononi, maana pombe ya viroba ilipigwa marufuku Machi 1, 2017. Gongo nayo ni haramu, hivyo usirekodi kwenye kilabu cha kweli ukawaponza watu. Tengeneza chumba chako.

Mwanga wa Kigoma una tabia yake: jua huchomoza upande wa mji na kuzama ziwani, kuelekea milima ya Kongo. Asubuhi nyuso za wavuvi wanaoingia huangazwa vizuri. Jioni, ziwa likiwa nyuma yao, wanageuka vivuli. Tumia asubuhi kwa fedha na jioni kwa aibu.

Kabla ya kurekodi, ulizia kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, ongea na viongozi wa mwalo, na usichukue sura ya mtu ambaye hajakubali. Mwisho, mpelekee skripti mhudumu wa afya, pengine wa Hospitali ya Maweni, aisome kabla hujagawa nafasi za waigizaji. Akikuambia kipande fulani ni cha hatari, kikate.