Kitabu Kipi cha Bayhaqi? Somo la kutaja marejeo katika kazi zetu za chuo

 

Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya Kiislamu niliandika kazi ya kurasa kumi na mbili juu ya nafasi ya elimu katika dini yetu. Niliifungua kwa hadithi ambayo karibu kila mtoto wa Buterere aliyepita madrasa anaijua: ile inayosema elimu itafutwe hata kama iko China. Mwisho wa sentensi nikafungua mabano, nikaandika Bukhari, nikafunga. Niliitoa wapi? Kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani nyumbani. Kalenda imeandika Bukhari, nami nikaandika Bukhari. Tena wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimeshaisoma mbele za watu katika darsa ya vijana msikitini kwetu, na nikasema bila kusita kwamba ameipokea Bukhari. Wazee waliitikia kwa vichwa. Nilijiona mwanachuoni.

Karatasi ilirudi na maneno machache ya kalamu nyekundu: mlango gani, namba gani? Nikatafuta siku tatu. Haimo katika Sahihi Bukhari. Haimo katika Sahihi Muslim, wala katika kitabu chochote kati ya vile sita. Kilichomo katika Sunan ya Ibn Majah, namba 224, ni kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu. China haikutajwa pale. Hatimaye niliona kwamba Imamu Bayhaqi ndiye mmoja wa waliyoipokea ile ya China, na kwamba yeye mwenyewe aliieleza kuwa sanadi yake ni dhaifu. Ibn al-Jawzi alikwenda mbali zaidi, akaiweka katika al-Mawdu'at, kitabu chake cha hadithi za kuzua.

Nikafuta Bukhari, nikaandika Bayhaqi, nikarudisha kazi. Nayo ikarudi tena. Safari hii swali lilikuwa fupi zaidi: Bayhaqi, kitabu kipi?

Mwalimu alipoona nimenuna, alinisimulia kisa ambacho nakitoa hapa kama nilivyokipokea. Nakitaja kwa njia yake, naye anakitoa katika al-Nur al-Safir cha Abd al-Qadir al-Aydarus. Mimi kitabu chenyewe sijakishika.

Katika mji wa Kairo, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, Imamu Suyuti alimlalamikia Imamu Qastallani kwamba anachukua kutoka vitabu vyake bila kumtaja. Si watu wadogo hawa. Qastallani ndiye aliyeandika Irshad al-Sari, sherehe ya Sahihi Bukhari, na Suyuti tunamsoma mpaka leo kila tunapofungua Jalalayn. Shauri likafika kwa Sheikh Zakariyya al-Ansari. Suyuti akatoa ushahidi: huyu amenukuu kutoka kwa Bayhaqi mahali kadhaa, na Bayhaqi ana vitabu vingi, atuambie amenukuu katika kitabu kipi. Qastallani hakuweza kujibu. Suyuti akasema kwamba maneno hayo aliyakuta katika vitabu vyangu mimi, kwa hiyo ilimpasa aandike kuwa Suyuti amenukuu kutoka kwa Bayhaqi. Kisa kinaendelea kwamba baadaye Qastallani alitembea kwa miguu mpaka Rawda, alikokuwa Suyuti amejitenga na watu, akabisha hodi akiwa miguu mitupu na kichwa wazi ili kumridhisha. Suyuti alijibu kutoka ndani kwamba amemridhia. Mlango hakuufungua.

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana swali lile lile nami lilinishinda. Bayhaqi ana al-Sunan al-Kubra, ana Shu'ab al-Iman, ana Dala'il al-Nubuwwa na vingine. Hadithi ya China imo katika Shu'ab al-Iman. Mimi nililiona jina lake katika makala ya mtu mwingine, nikajifanya nimekifungua kitabu.

Hili, ndugu zangu, ndilo kosa nilionalo zaidi katika kazi zetu, na wengi hatujui kuwa ni kosa. Ukilikuta neno la Ghazali ndani ya kitabu cha mtafiti wa Kifaransa, kitabu ulichokisoma ni cha Mfaransa. Andika katika tanbihi jina la Ghazali, kisha "amenukuliwa na", kisha jina la yule uliyemsoma na ukurasa wake. Katika orodha ya marejeo mwishoni mwa kazi aingie yule uliyemsoma tu. Orodha fupi ya vitabu kumi ulivyovishika kwa mkono ni bora kuliko ya arobaini ulivyoviona kwa jirani. Msahihishaji hodari huanza kusoma kazi kwa nyuma, kwenye orodha.

Sasa tuje kwenye vyanzo vyetu wenyewe, kwa sababu miongozo tunayopewa haikutungwa kwa ajili yake. Mtindo wa Chicago ulitoka kitabu mwaka 1906 na ule wa wanasaikolojia wa Marekani, APA, ulianza kama makala mwaka 1929. Ni mizuri, lakini waliyoitunga hawakuwa na Sahihi Muslim mezani.

Aya ya Qurani hutajwa kwa sura na namba ya aya, si kwa ukurasa, kwani misahafu hutofautiana kurasa. Lakini ukiweka maneno ya Kiswahili, maneno hayo ni ya mfasiri, naye ana haki yake. Tarjuma ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, Qurani Takatifu, iliyotolewa na Islamic Foundation Nairobi mwaka 1969, haisomeki sawa na ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Kwa hiyo mfasiri aingie kwenye orodha. Ukifasiri mwenyewe kutoka Kiarabu, sema ni tafsiri yako, ili lawama zikukute wewe.

Hadithi ina mtego wa namba. Hadithi ya nia, inayosema kuwa amali huzingatiwa kwa nia, katika Sahihi Muslim ni namba 1907 kwa hesabu ya Muhammad Fuad Abd al-Baqi, mhakiki wa Misri. Katika tarjuma ya Kiingereza ya Abdul Hamid Siddiqui ni 4692. Hadithi moja, kitabu kimoja, namba mbili, na hakuna aliyekosea. Anayekosea ni mwanachuo anayeandika namba peke yake. Taja kitabu kikuu, mlango, namba, na chapa uliyoitumia. Hapo hata mwenye chapa nyingine ataifikia kupitia mlango. Pia ukisema ameipokea Bukhari bila nyongeza, msomaji anaelewa Sahihi. Kama umeitoa katika al-Adab al-Mufrad, ambacho pia ni cha Bukhari, litaje jina la kitabu, maana sharti zake si zile za Sahihi.

Na Jalalayn. Nimesoma kazi za wenzangu wakiandika kwamba Suyuti amesema hivi katika tafsiri ya Suratul-Kahf. Hakusema. Jina lenyewe linamaanisha Majalali wawili: Jalal al-Din al-Mahalli alianza na Suratul-Kahf mpaka mwisho wa msahafu, akafasiri na al-Fatiha, kisha akafariki mwaka 864 wa Hijria. Suyuti akaja kukamilisha kuanzia al-Baqara mpaka al-Israa. Kabla ya kuandika jina, angalia uko sura gani.

Wengi wetu hatuna vitabu vya karatasi. Mimi nasomea simu na kompyuta ya kuazima, na umeme ukikatika Buterere nasubiri urudi. Kwa hiyo tunategemea al-Maktaba al-Shamila, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliyoitengeneza. Ila kabla ya kunakili namba ya ukurasa, fungua kadi ya kitabu mwanzoni. Vingine vimeandikwa kuwa namba zake zinaafikiana na chapa ya karatasi. Vingine vimehesabiwa na programu tu. Ukitaja ukurasa wa hesabu ya programu kana kwamba ni wa chapa ya Beirut, umemtuma msomaji mahali ambapo hapapo. Kama huna namba ya kuaminika, taja mlango na useme umetumia Shamila.

Majina nayo yana kazi. Katika orodha tunapanga kwa alfabeti, na "al-" huachwa isihesabiwe: al-Ghazali yuko kwenye G. Chagua tahajia moja, uifuate mpaka mwisho. Nimeona kazi ambamo Ghazali, Ghazzaly na El-Ghazali walikuwa watu watatu. Kwa wanachuoni wa zamani weka mwaka wa kufariki kwa Hijria na Miladia, mfano 505/1111 kwa Ghazali. Kwetu Burundi kuna jambo jingine: jina la Kirundi mara nyingi hupewa mtoto yeye mwenyewe, si la baba wala la ukoo, hivyo kanuni ya kutanguliza jina la ukoo haitukai sawasawa. Nitazameni jinsi mwandishi alivyojiandika kwenye jalada la kitabu chake, na jina alilolitia herufi kubwa ndilo mlitangulize.

Kwa sisi tunaofuata utaratibu wa Kifaransa wa tanbihi chini ya ukurasa, kuna yale maneno ya Kilatini, ibid. na op. cit. La kwanza lina maana ya hapo hapo, la pili ni kitabu kilichokwishatajwa. Hatari yake ni hii: unaandika ibid. ukikusudia Farsy, kesho unaingiza tanbihi mpya katikati, na ibid. yako sasa inamwonyesha mtu mwingine. Mpaka kazi ikamilike, mimi huandika jina na kichwa cha kitabu kwa ufupi kila mahali. Maneno ya Kilatini nayaweka usiku wa mwisho, kama mwongozo unayalazimisha. Programu ya Zotero hufanya hayo yenyewe, ni ya bure, na hufanya kazi bila intaneti. Lakini ukiilisha jina lenye makosa itakurudishia makosa hayo yakiwa yamepangwa vizuri sana.

Na ile akili mnemba mnayoiuliza usiku wa kuamkia tarehe ya kukabidhi! Inaweza kukupa kichwa cha kitabu, mwandishi, mwaka na ukurasa, na kitabu hakijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Wanachuoni wa hadithi walikuwa na jina la mpokezi asiyejulikana: majhul. Walimwacha pembeni hata kama maneno yake ni matamu.

Kuna chanzo kimoja tunachokidharau, nacho kiko majumbani kwetu. Mwenzangu anaandika memwari juu ya Waislamu wa Bujumbura, na sehemu kubwa ya habari zake zimo vichwani mwa wazee wa Buyenzi na Buterere, ambao babu zao walifika kwa njia ya Ujiji na ziwa. Mzee akikusimulia, naye ni rejeo. Andika jina lake kwa idhini yake, mahali na tarehe mliyozungumza, na kama alishuhudia au alisikia, na kwa nani. Ukiandika tu kwamba wazee wanasema, umeikata sanadi kwa mkono wako.

Mwaka huu memwari yangu nami imo mbioni, na hadithi ya China ina tanbihi ya mistari sita. Lakini deni la msikitini lilibaki, kwa sababu pale hakuna kalamu nyekundu. Darsa iliyofuata nilisimama nikasema kwamba siku ile nilimnasibishia Bukhari jambo ambalo hakulipokea, nikaeleza iliko na wanachuoni walivyoihukumu. Kulikuwa kimya. Baada ya sala mzee mmoja, ambaye nikiwa mdogo ndiye aliyenifundisha alifu, alinishika mkono nje ya mlango.

"Mwanangu, mimi hiyo nimewasomesha watoto miaka mingi. Ningelijua."

"Na mimi niliitoa kwenye kalenda, mzee wangu."

Akanyamaza kidogo, akavaa kandambili zake.

"Na ile ya usingizi wa mfungaji kuwa ni ibada? Ramadhani hiyo inakuja. Nayo iko kitabu kipi?"

Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa.