Kupanga Ujenzi na Ukaguzi wa Mwongozo wa Programu Huria

Jumamosi moja nilifika darasani hapa Sofu, Kibaha, na nakala 20 za mwongozo wa QGIS, programu huria ya ramani. Vijana walikuwa wamekuja kujifunza kuchora ramani. Tulipofika sura ya tatu, pale palipotakiwa picha ya kitufe cha kuongeza tabaka palikuwa na maneno `picha/tabaka.png` tu. Kompyuta ilikuwa imenionya usiku wa kuamkia siku hiyo: mstari mmoja, `image file not readable`, katikati ya mistari mingi niliyoiacha ipite kwa sababu mwishoni iliandikwa kwamba kazi imefaulu.

Kazi hii ya kuandaa mwongozo ina watu wanaoitegemea. Mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani katika mradi wa Ramani Huria kuchora maeneo yanayofurika, na ramani zao zikaingia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Anayetaka kufanya kama wao leo hana budi kupata maelekezo yasiyomwangusha njiani. Mwongozo rasmi wa QGIS hutengenezwa kwa Sphinx, programu inayogeuza maandishi kuwa kurasa, na ndiyo nitakayoitumia hapa.

Hatua ya kwanza: funga matoleo. Andika kwenye `requirements.txt` toleo kamili la kila kifaa, kwa mfano `sphinx==7.2.6`. Usiandike `sphinx` peke yake, maana mwenzako atakayesakinisha miezi sita baadaye atapata kitu kingine, na mtabishana juu ya kosa lililo kwake na kwako halipo. Bando likiwa la shida, pakua mara moja kwa `pip download -d vifurushi -r requirements.txt`, weka folda hiyo kwenye flashi, na wenzako wasakinishe kwa `pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt` bila intaneti. Kama kompyuta zenu zina mifumo tofauti, pakua kwa kila mfumo.

Hatua ya pili: amri zote zikae kwenye Makefile, faili linalosomwa na programu ya make. Hii ndiyo hatua kubwa. Amri iliyo kichwani mwa mtu mmoja hupotea akisafiri.

```
.PHONY: kagua po jenga viungo

kagua: po jenga

po:
	find tafsiri -name '*.po' | xargs -n1 msgfmt -c -o /dev/null

jenga:
	sphinx-build -E -W --keep-going -D language=sw -b html chanzo nje/html

viungo:
	sphinx-build -b linkcheck chanzo nje/viungo
```

Nafasi iliyo mbele ya kila amri ni tabu moja, si nafasi za kawaida. Ukikosea hapo, make itagoma. Kwenye `conf.py`, faili la mipangilio ya Sphinx, weka `locale_dirs = ['../tafsiri']` ili Sphinx ijue tafsiri zilipo.

Utaona `po`, inayokagua faili za tafsiri kwa `msgfmt`, imetangulia. Inamalizika kwa sekunde chache, haihitaji mtandao, na hunasa faili la tafsiri lililoharibika kabla hujasubiri ujenzi mzima. Kinachofanyika haraka kitangulie. Umeme ukikatika katikati, utakuwa umeshajua jambo fulani.

Alama ya `-W` hugeuza kila onyo kuwa kosa, na `--keep-going` huiacha Sphinx ifike mwisho ili uyaone makosa yote kwa pamoja. Usiiache `-E`. Bila hiyo, Sphinx husoma upya faili zilizobadilika tu. Mara ya kwanza itakataa, mara ya pili itapita, na wewe utadhani kosa limejirekebisha lenyewe.

Kwa tafsiri za Kiswahili, ulinzi huu ni wa lazima. Mwenzangu mmoja aliyetafsiri kwa bidii sana alibadili hata `:ref:`, alama ya kiungo cha ndani, kuwa `:rejea:`. Kwa Kiswahili hakukosea. Sphinx, hata hivyo, haijui neno hilo, na kiungo kilikufa. Waambie watafsiri mapema: kilicho katikati ya alama za `:` hakitafsiriwi.

Hatua ya tatu: jaribu ukaguzi wenyewe. Mwanzoni niliandika `find` kwa `-exec` inayoishia na `\;`. Ilipita kila siku, hata faili lilipokuwa bovu, kwa sababu kwa namna hiyo `find` haipeleki mbele habari ya kushindwa kwa `msgfmt`. Ukaguzi usioweza kukataa kitu si ukaguzi. `xargs` hurudisha kosa, na make husimama.

Hatua ya nne: tahajia. Toa maandishi matupu kwa `-b text`, kisha yapitishe kwenye Hunspell, programu ya kukagua tahajia, ukitumia kamusi ya `sw_TZ`. Hapa usisimamishe ujenzi. *Utakapolibofya* ni neno moja lenye kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha urejeshi na cha yambwa. Hakuna orodha itakayobeba maneno yote ya namna hiyo. Chapa orodha ya yaliyotiliwa shaka, mtu aisome, na yaliyo sahihi yaingie kwenye faili lenu la maneno.

Hatua ya tano: viungo. Nimeviweka nje ya `kagua` kwa makusudi, kwani hula bando na huvunjika kwa sababu zisizo zako, kama seva ya mbali kulala. Mara moja kwa wiki inatosha. Kama hifadhi yenu iko GitHub au GitLab, huko nako iitwe `make kagua` ileile, si amri nyingine.

Hatua ya mwisho: mtu. Mpe mwongozo mtu asiyewahi kufungua programu hiyo. Kaa pembeni yake, unyamaze. Kila anaposita, weka alama. Kompyuta itakuambia picha ipo. Haitakuambia kwamba ni ya toleo la zamani na kitufe kimeshahamishwa.

Basi leo, kabla hujalala, badili jina la picha moja katika mwongozo wako kisha andika `make kagua`. Ikipita, usichapishe kesho.