Umehamia Windows 11 printa ikagoma? Usikimbilie kununua nyingine

Leo sileti mbinu ya kupata wateja. Leo ni somo la vifaa, kwa sababu lilinigharimu na sitaki likugharimu na wewe.

Mnajua Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, ndiyo maana wengi tumehamia 11. Mi nilihamia Ijumaa usiku. Kompyuta ikawaka vizuri, ikapendeza, nikalala na amani. Jumamosi asubuhi nina mizigo 23 ya kupeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi, nabonyeza kuprinti lebo, kimya. Skana ya bakodi nayo kimya.

Nikaandika majina kwa mkono, haraka haraka, boda yuko nje anapiga honi. Mzigo wa Dodoma ukaenda Morogoro, wa Morogoro ukaenda Dodoma. Dada wa Dodoma alikuwa anasubiri viatu vya harusi ya Jumapili. Nililipa gharama za kurudisha na kutuma tena, lakini harusi haikunisubiri. Yule dada hajarudi kununua mpaka leo.

Fundi mmoja aliiangalia printa dakika mbili, akasema imekufa, ninunue nyingine kwa 180,000. Sikuwa na hiyo hela, na kukosa hela kukaniokoa. Nilikaa nayo usiku kucha nikajifunza haya. Fuata kwa mpangilio, na jaribu kitu kimoja kimoja. Ukigusa vitu vitano kwa pamoja, hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

1. Chagua "Restart", siyo kuzima na kuwasha
Wengi tunadhani ni kitu kimoja. Kwenye kompyuta nyingi za Windows, ukizima kawaida mfumo unahifadhi sehemu ya hali yake ili kesho uwake haraka, kwa hiyo hitilafu ya jana inaweza kuamka nayo. "Restart" ndiyo inaanza upya kabisa. Anza na hiyo kabla ya yote.

2. Pima kifaa chenyewe, bila kompyuta
Printa nyingi za risiti na lebo ukiizima, ukashikilia kitufe cha kusogeza karatasi huku unaiwasha, inatoa karatasi ya majaribio. Ikitoa, printa ni nzima. Tatizo liko kwenye waya au kwenye kompyuta. Ya kwangu ilitoa safi kabisa, na hapo ndo nilipojua fundi kakosea.

Skana za bakodi za USB nyingi zinajitambulisha kwenye kompyuta kama kibodi. Fungua Notepad, skani bidhaa yoyote. Namba zikitokea, skana iko sawa, kagua programu yako ya mauzo.

3. Waya na tundu
Kama unatumia kile kigawanyio cha matundu manne ya USB, kiondoe. Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta. Kigawanyio kisicho na umeme wake kinagawana umeme mdogo wa tundu moja, na vifaa vikizidi kuna kimoja kitazimia. Badilisha waya. Jaribu kwenye kompyuta ya jirani pia. Skana yangu ilipona hapa hapa.

4. Angalia draiva
Draiva ni programu ndogo inayofanya kompyuta ielewane na kifaa, kama mkalimani. Ukibadilisha mfumo, mkalimani wa zamani anaweza asijue lugha mpya. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua "Device Manager". Ukiona kifaa chenye alama ya njano ya mshangao, ndiye mgonjwa wako. Bofya kulia, chagua "Uninstall device", chomoa waya, fanya "Restart", kisha chomeka tena.

Ikigoma, geuza kifaa usome namba ya modeli kwenye kibandiko, halafu chukua draiva kwenye tovuti ya aliyekitengeneza. Usichukue kwenye tovuti yoyote inayotokea tu, utaletewa virusi. Na hakikisha ni ya biti 64, maana Windows 11 haina toleo la biti 32. Kama kompyuta yako ya zamani ilikuwa ya biti 32, draiva uliyotunza kwenye flashi inaweza isikusaidie tena.

5. Angalia njia ya printa
Hapa ndipo tatizo langu lilipokuwa. Kila printa ya USB inapewa njia yake, kwa mfano USB001. Baada ya kuhama, au ukichomeka tundu jingine, kompyuta inaweza kuipa njia mpya, USB002, huku lebo zako bado zinatumwa kwenye ile ya zamani ambayo haina mtu. Ni kama kutuma mzigo kwa namba ya simu ambayo mteja ameshaiacha.

Nenda "Settings", kisha "Bluetooth & devices", kisha "Printers & scanners". Chagua printa yako, ingia "Printer properties", fungua "Ports", weka tiki kwenye njia nyingine ya USB, jaribu. Ukikuta printa moja imejitokeza mara mbili, ya pili ina neno "Copy", ujue ni ugonjwa huu huu.

Mi niliweka tiki kwenye USB002, printa ikaamka ikaanza kutoa lebo zote za Jumamosi, moja baada ya nyingine, saa nane usiku. Nilicheka na kusikitika kwa pamoja. Wewe kwanza futa foleni ya zamani, usipoteze karatasi.

6. Vya Bluetooth
Futa kifaa kwenye orodha ya kompyuta, kisha unganisha upya kama kipya. Kuunganisha juu ya muunganiko wa zamani mara nyingi hakusaidii.

7. Ikishindikana kabisa
Una siku 10 tangu uhame za kurudi mfumo wa zamani. Ingia "Settings", "System", "Recovery", kisha "Go back". Usifute folda ya Windows.old kabla ya hapo, ukiifuta njia imefungwa. Ila hiyo ni ya kuvuka wiki tu, siyo makazi.

Sasa kanuni yangu dukani: sihami mfumo siku ya kuamkia mizigo. Nahama Jumapili jioni. Kabla sijahama nanakili data, naandika modeli ya kila kifaa na draiva yake naiweka kwenye flashi. Nikimaliza, naprinti lebo moja na kuskani bidhaa moja kabla sijalala.

Printa ile ile ya kuambiwa imekufa ndiyo iliyotoa lebo za leo asubuhi. Wewe kifaa gani kiligoma baada ya kuhama, na ulikitibu vipi? Andika hapo chini, kuna mwenzio ana mizigo kesho.