Ukiitwa shuleni kusimulia msiba wa nyumbani kwako

Mzazi aliyezika kijana wake kwa ajali ya bodaboda husikilizwa na wanafunzi kuliko ofisa yeyote aliyekuja na mabango. Walimu wanalijua hilo, ndiyo maana wakati mwingine humwomba aje kuzungumza na darasa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa watu wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua kuliko ajali za barabarani. Moyo wako ukikubali, nenda. Ila jiandae, maana simulizi ya namna hii ikienda mrama huwaumiza wote, msimuliaji na wasikilizaji.

Anza na watu wa nyumbani. Msiba ule haukuwa wako peke yako. Wapo bibi yake, mwenzi wako, na wadogo zake marehemu ambao pengine wanasoma shule hiyohiyo. Waulize, na mmoja wao akiomba jambo fulani lisisemwe, lisisemwe. Kama kesi bado iko mahakamani, usimtaje dereva wala kijiwe chake. Picha za ajali zilizozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp usioneshe hata moja. Chukua picha aliyopiga akiwa hai, amevaa sare ya shule.

Sasa useme nini? Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanaeleza mlio wa breki, damu, wodi na jeneza. Darasa linanyamaza, wasichana wawili watatu wanalia, na mzungumzaji anaondoka akiamini ujumbe umefika. Mimi siamini. Marekani waliwahi kuwapeleka vijana watukutu katika gereza la Rahway, New Jersey, wafokewe na wafungwa wa maisha ili waogope uhalifu. Filamu ya mwaka 1978 ikaufanya mpango huo uigwe kwingi. Watafiti walipokuja kupima matokeo ya mipango ya aina hiyo, walikuta vijana waliopelekwa wakivunja sheria zaidi kuliko wenzao walioachwa nyumbani. Kijana aliyetishwa bila kuoneshwa la kufanya hujitetea kwa kucheka, au hujiambia kwamba yeye hayatamkuta.

Kwa hiyo simulia ile saa moja kabla ya ajali, na uisimulie taratibu. Tuseme walikuwa wanatoka kwenye mahafali ya rafiki yao, jioni. Wako watatu, hela haitoshi, wakakubaliana kupanda mshikaki kwenye boda moja. Kofia ngumu ilikuwepo, imening'inia kwenye usukani. Nani alisema, “Twende tu, ni hapa karibu”? Nani alisikia harufu ya pombe kwa dereva akaona haya kusema? Ukifika hapo, nyamaza, uwaulize: wewe ungekuwa wa tatu, ungefanya nini? Subiri, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Yale watakayoyajibu ndiyo kiini cha ziara yako.

Wengi watasema wangekataa. Mwombe mmoja asimame aonyeshe anavyokataa, kwa sauti: “Kaka, nishushe hapa, nitatembea.” Wenzake watacheka, naye atababaika. Arudie. Vijana hawa wanajua mshikaki ni hatari. Kinachowashinda ni aibu mbele ya marafiki, na aibu inapungua mtu akishayatamka maneno yale mara mbili tatu.

Beba kofia ngumu ipite mikononi mwao. Isiyofungwa mkanda wa kidevuni inaweza kuchomoka kabla kichwa hakijagonga lami. Mkanda unatakiwa kubana kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili, na kofia isizunguke kichwani ukiitikisa. Abiria naye anahitaji yake.

Jambo jingine ni maneno yetu ya msibani. “Kazi ya Mungu haina makosa” humfariji mfiwa, na hakuna anayekuambia uyaache. Lakini darasani, ukiyasema peke yake, kijana anaweza kuelewa kwamba hakukuwa na lolote la kufanya. Sema imani yako, kisha sema wazi kwamba kofia ilikuwepo na haikuvaliwa. Wala usimpambe marehemu akawa malaika. Waambie alipenda mpira, alichelewa kuamka, alikuwa mtu kama wao.

Omba kipindi kimoja na darasa moja. Mstarini mbele ya shule nzima hakuna atakayeuliza swali. Zungumza dakika 15, muda uliobaki uwe wao. Nenda na ndugu atakayeendeleza maneno ukizidiwa na machozi. Mwalimu awatangulie kuwaambia mada, na mwanafunzi aliyefiwa aruhusiwe kutoka bila kuulizwa. Ukimaliza usikimbilie geti, kwa sababu yupo atakayekufuata pembeni na msiba wake. Msikilize, kisha mfikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha.

Wazazi nao waitwe siku yao. Mwaka 1981, baada ya wanafunzi wa shule ya Wayland, Massachusetts, kufa kwa ajali, mwalimu Robert Anastas aliwahimiza vijana na wazazi waandikiane mkataba: kijana akikwama usiku anapiga simu, mzazi anahakikisha amerudi salama, na maneno makali yanasubiri. Huku kwetu hauhitaji hata karatasi. Unahitaji nauli ya dharura mfukoni mwa mtoto, na mzazi atakayepokea simu saa saba ya usiku bila kufoka.

Umoja wa Mataifa umeitenga Jumapili ya tatu ya Novemba kuwakumbuka waathirika wa ajali za barabarani. Shule zingependa kukuita wakati huo, lakini kwa Tanzania, Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani, na wakimaliza hutawanyika mitaani, wengine wakishika pikipiki za kaka zao. Omba kipindi chako mapema, kabla hawajaondoka.